Nimeshinda, Mbona Tumbo Halitulii?

Safu ya maswali ya wasomaji: Mwalimu wa mbio anajibu

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwogeleaji, nina miaka 19. Mwezi uliopita nilishinda shindano nililolitafuta miaka minne. Usiku ule nililala fofofo. Asubuhi nikaamka nikiwa kama nyumba iliyohamwa. Watu wananipigia simu kunipongeza, mimi naitikia tu. Sasa kuna shindano jingine baada ya wiki tatu, na kila nikifikiria kupanda pale pa kurukia, tumbo linavurugika. Juzi mazoezini nilitapika. Kabla sijashinda sikuwa hivi. Rafiki yangu ameniambia kuna bingwa wa skii wa Marekani ambaye hutapika kabla ya mbio na bado anashinda. Ni kweli? Na alitumia dawa gani? – Mshindi Mwenye Mashaka*

Marahaba, mwanangu. Rafiki yako hakukudanganya. Anayemsema ni Mikaela Shiffrin, na kabla sijafika kwenye tumbo lake acha nikupe kimo chake, usije ukadhani nakuletea mfano wa mtu legelege. Aliingia Kombe la Dunia la skii, mbio za kuteleza mlimani kwenye theluji, tarehe 11 Machi 2011, siku mbili kabla hajatimiza miaka 16. (Kombe hilo si kama la kandanda la kila miaka minne. Huchezwa kila msimu wa baridi, kutoka mlima huu hadi ule, na kila mbio ina mshindi wake.) Tarehe ileile, 11 Machi 2023, huko Åre nchini Sweden, alipata ushindi wake wa 87 na kuivunja rekodi ya Ingemar Stenmark, Mswidi mkimya aliyestaafu mwaka 1989 akiwa na ushindi 86. Katika msimu mmoja tu, wa 2018/19, mama huyu alishinda mara 17. Huyo ndiye aliyekuwa akijitenga kando pale juu mlimani, anatapika, kisha anafunga buti.

Sasa angalia ni lini. Hakuanza kutapika alipokuwa mtoto asiyejulikana. Hali hiyo ilimwandama msimu wa 2016/17, wakati ambapo medali ya dhahabu ya Olimpiki alikuwa nayo nyumbani mwaka wa tatu. Na msimu huohuo wa kutapika ndio alionyakua taji lake la kwanza la jumla la Kombe la Dunia, lile la mwenye pointi nyingi kuliko wote msimu mzima. Kwa hiyo tumbo halikuwa likimwambia kwamba hawezi. Lilikuwa likimwambia kitu kingine.

Watu hudhani ushindi huua hofu. Nimefundisha mbio miaka 31 na nimeona kinyume chake: ushindi huipandisha hofu bei. Usiposhinda bado, una kitu cha kutafuta. Ukishashinda, una kitu cha kunyang'anywa. Na anayetafuta hulala usingizi tofauti na anayelinda.

Kuhusu mwili wenyewe, hakuna uchawi. Ukiogopa, mwili huhamisha damu kutoka tumboni kwenda kwenye misuli, moyo unaenda mbio, na chakula kilichomo kinabaki hakina wa kukishughulikia. Mwili hautofautishi simba na saa ya kupimia mbio. Ikiwa unatapika hata siku usizokuwa na wasiwasi, au unapungua uzito, mwone daktari kwanza; usiniletee mimi ugonjwa wa tumbo nikautibu kwa hadithi za theluji.

Dawa ya kumeza hakuna niliyoisikia. Alichofanya Shiffrin ni kumtafuta mwanasaikolojia wa michezo na kulisema jambo lile hadharani, bila kulifunika. Usidharau hilo la pili. Nusu ya kichefuchefu cha mwanamichezo ni kazi ya kuficha kichefuchefu.

Lingine lilianza zamani zaidi, nyumbani kwao. Baba yake Jeff na mama yake Eileen wote walikuwa watu wa skii, na walimkuza binti katika mazoezi mengi na mashindano machache. Walitaka kona nzuri kwanza, saa baadaye. Mtoto akikua hivyo, swali lake pale juu haliwi "nitashinda?" Linakuwa "nitaipindaje ile kona ya tatu?" Swali la kwanza halina jibu mpaka mbio ziishe. La pili lina jibu sasa hivi, na jibu liko miguuni.

Basi chukua karatasi. Usiandike muda wala nafasi unayoitaka. Andika mwili wako utafanya nini katika mita 15 za kwanza chini ya maji: mikono iko wapi, kichwa kiko wapi, miguu inapiga mara ngapi kabla hujaibuka. Kama hujui inapiga mara ngapi, kesho nenda ukahesabu. Siku ya shindano, tumbo likianza, soma karatasi hiyo. Linaweza kuendelea kuvurugika. Liache liendelee, nawe endelea na mita zako 15.

Kuhusu ile nyumba iliyohamwa. Nikuambie jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa. Mimi nilikuwa mruka viunzi. Nilishinda kitu kikubwa mara moja tu maishani, na asubuhi yake nilijikuta nafua soksi. Nilifua jozi zote, hata zilizokuwa safi. Miaka yote ile nilikuwa nikiamka saa kumi na moja alfajiri kwa sababu ya siku ile, nakula kwa sababu ya siku ile, nakataa harusi za ndugu kwa sababu ya siku ile. Siku ikaja, ikapita, na saa kumi na moja ikafika kama kawaida bila kuwa na kazi na mimi. Nilidhani nina kasoro. Kumbe nilikuwa nimeondolewa nguzo iliyokuwa imeshikilia paa, hata kama imeondolewa kwa heri.

Kosa la wengi hapo ni kusimika nguzo nyingine haraka haraka. Shiffrin mwenyewe, aliposhinda slalomu (mbio za kupinda kona fupi fupi kati ya vigingi) kwenye Olimpiki ya Sochi, Urusi, mwaka 2014 akiwa na miaka 18, alikaa mbele ya waandishi wa habari na kusema anaota dhahabu tano kwenye Olimpiki ijayo. Tano! Theluji ya Sochi haijakauka kwenye suti. Ni maneno ya binti mwenye furaha, simlaumu, ila dunia ina masikio na kalamu. Miaka minne baadaye huko PyeongChang, Korea Kusini, alipata dhahabu ya slalomu kubwa, ambayo vigingi vyake vimeachana zaidi, tarehe 15 Februari, na kesho yake tu akaingia kwenye slalomu, mbio yake ya kujidai, akiwa na sherehe ya medali na kelele za jana bado kichwani. Asubuhi hiyo alitapika. Akamaliza wa nne. Baadaye aliongeza fedha katika mbio za mseto (mteremko kasi na slalomu kwa pamoja), na medali mbili kwa Olimpiki moja ni mali ya kujivunia popote, lakini waliokuwa wakihesabu hadi tano waliziona chache.

Kwa hiyo kwa wiki hizi tatu, mwanangu, usitangaze idadi yoyote kwa mtu yeyote. Hata kwa mama. Na simu za pongezi zisikilize hadi mwisho. Huhitaji kusisimka, wengine wanaweza kukushikia furaha hiyo mpaka utakapokuwa tayari kuipokea.

*Mwalimu, kwa heshima: skii ni kuteleza tu, mlima ndio unaokusukuma. Akili inahusika vipi? – Mbishi wa Kudumu*

Mbishi, karibu tena. Mimi sijawahi kukanyaga theluji. Barafu niijuayo ni ya kwenye friji. Lakini mjukuu wangu alinifundisha kuangalia mbio hizi kwenye kompyuta yake, na sasa yeye amezichoka, mimi nimenogewa.

Sikiliza slalomu inavyokwenda. Ni raundi mbili, muda unajumlishwa. Kabla ya kila raundi wanaruhusiwa kuikagua njia kwa kushuka polepole pembeni, wakiangalia vigingi vimechomekwa wapi. Kuijaribu kwa kasi hairuhusiwi. Raundi ya pili vigingi vinapangwa upya, kwa hiyo ulichojifunza asubuhi hakikusaidii. Ndiyo maana utawaona pale juu wamefumba macho, kiganja kinapinda kushoto, kulia, kushoto, kama mtu anayefukuza inzi ndotoni. Wanashuka kichwani, kona kwa kona.

Halafu kuna mateso ninayoyapenda mimi. Katika Kombe la Dunia, 30 bora wa raundi ya kwanza ndio wanaoendelea, na wanaanza kwa kupinduliwa: wa 30 anatangulia, anayeongoza anashuka wa mwisho. Yaani kosa lako ni kuwa wa kwanza. Unasimama kwenye baridi, wenzako 29 wanashuka mmoja mmoja, unasikia umati chini unalipuka na hujui umelipuka kwa nini, njia inazidi kuchimbika, na wewe huna la kufanya ila kungoja. Halafu unaambiwa nenda. Kwa slalomu ni kama dakika moja tu ya kazi. Mlima haukusukumi hapo, kaka. Mlima unakuuliza maswali.

Sochi, Shiffrin alikuwa anaongoza baada ya raundi ya kwanza. Katikati ya raundi ya pili skii moja ikapaa hewani, mwili ukaenda nyuma, na wote tuliokuwa tukiangalia tukavuta pumzi. Akairudisha chini na kuendelea, akashinda kwa sekunde 0.53. Ukiwa unafikiria medali wakati huo, unaanguka. Mguu unarudi ikiwa akili iko mguuni.

*Mwalimu, binti yangu ana miaka 14, mkimbiaji. Alishinda kila kitu mwaka jana. Mwaka huu ameanguka mbio mbili mfululizo na hataki kutoka chumbani. Mimi baba yake nimwambie nini? – Baba Nyuma ya Mlango*

Baba, kwanza nakupa pole, maana naona umeandika kutoka kwenye korido.

Usimwambie "si kitu". Kwake ni kitu. Msimulie Olimpiki ya Beijing 2022. Shiffrin alifika pale akiwa bingwa mtetezi wa slalomu kubwa. Tarehe 7 Februari akatoka nje ya njia sekunde chache tu baada ya kuanza. Tarehe 9, kwenye slalomu, vilevile. Aliyeshinda mbio nyingi kuliko wanawake karibu wote waliowahi kuvaa skii hakuvuka vigingi hata kumi. Akaketi pembeni ya njia, kwenye theluji, kichwa magotini, zaidi ya dakika 20, wenzake wakipita mbele yake na kamera zote zikimwangalia. Baba yake, Jeff, alikuwa amefariki kwa ajali Februari 2020, miaka miwili tu nyuma. Siku ile alisema kwamba angetamani kumpigia simu baba yake, na hawezi.

Nakuandikia hilo la mwisho kwa makusudi, wewe uliye nyuma ya mlango. Bado unapatikana kwa simu.

Halafu mwambie kilichofuata, maana magazeti mengi yaliishia kwenye picha ile ya kuketi. Aliendelea kushindana. Super-G, mbio za kasi zenye kona chache, akawa wa 9. Mteremko kasi akawa wa 18. Mbio za mseto akashindwa tena kumaliza. Kwenye timu ya mchanganyiko wakamaliza wa nne. Akaondoka Beijing bila medali. Na mwezi uliofuata, Machi 2022, akatwaa taji la jumla la Kombe la Dunia kwa mara ya nne. Sisemi kwamba binti yako atashinda mwezi ujao. Ninachokuonyesha ni kwamba yule mwanamke hakusubiri ajisikie vizuri ndipo avae skii. Nafasi ya 18 nayo ilimpa mahali pa kusimama kesho yake.

Ushauri wa vitendo: usimpeleke kwenye mashindano wiki hii wala ijayo. Mpeleke akakimbie mahali ambapo hakuna saa. Na gari likiwa njiani kurudi, nyamaza. Wazazi wengi huharibu mbio ndani ya gari.

*Nimepona goti, daktari amesema niko sawa, ila nikifika pale nilipoumia mwili unagoma. Kocha anasema ni uoga. – Goti*

Kocha wako anahitaji kulala na kuamka upya.

Tarehe 30 Novemba 2024, Killington, Marekani, Shiffrin alikuwa akiutafuta ushindi wake wa 100. Aliongoza raundi ya kwanza. Ya pili, akiwa karibu kufika, aligonga kigingi, akabiringika hadi kwenye wavu, akatobolewa tumboni upande mmoja na misuli ya pembeni ikaumia vibaya. Alirudi mwishoni mwa Januari kwenye slalomu. Lakini slalomu kubwa, aina ileile iliyomwangusha, aliiacha kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia ya Saalbach, na akaeleza wazi kwamba akili yake ilikuwa bado kwenye ajali. Akaliita kwa jina lake la kitabibu, msongo unaobaki baada ya kiwewe. Kidonda kilifunga kabla ya kichwa.

Tarehe 23 Februari 2025 huko Sestriere, Italia, alishinda slalomu. Ule ukawa wa 100. Ona alivyopitia: hakulazimisha mlango ule uliofungwa, alipita kwenye ule uliokuwa wazi. Wewe pia, rudia kila kitu isipokuwa pale pa kuumia, kisha pasogelee hatua mbili mbili. Na mtafute mtaalamu wa akili, sio kocha mwenye sauti kubwa.

*Nina miaka 24, niko juu kabisa kwenye mchezo wangu, na nimechoka. Nikiacha sasa nitaitwa mwoga? – Niko Kileleni*

Utaitwa. Wiki mbili hivi.

Lucas Braathen, mwanaskii wa Norway, aliacha Oktoba 2023 akiwa na miaka 23, siku moja kabla ya msimu kufunguliwa, wakati taji la slalomu la msimu uliopita lilikuwa lake. Akakaa nje, akarudi akishindania Brazil, nchi ya mama yake. Matthias Mayer wa Austria, mwenye dhahabu tatu za Olimpiki, alikwenda Bormio, Italia, Desemba 2022, akakagua njia asubuhi kama kawaida, kisha akatangaza kwamba basi, ameacha. Siku ileile ya mbio! Marcel Hirscher, Mwaustria mwingine, alishinda taji la jumla miaka minane mfululizo na kustaafu mwaka 2019 na viungo vyake vyote vikiwa salama. Sijasikia mtu mwenye akili timamu akiwaita waoga hao watatu.

Ninachokuuliza ni kimoja: umechoka na mchezo, au umechoka na watu wanaousimamia? Ya pili ina tiba nyingine isiyokuwa kuacha. Niandikie tena.

*Mwalimu, dakika za kwanza baada ya kushinda mtu afanye nini? Mimi hubaki nimesimama kama mlingoti. – Mlingoti*

Simama tu, hakuna ubaya. Lakini kwa kuwa umeuliza, nitatoka kidogo kwenye miteremko niende kwenye skii za masafa, zile za kusukuma kwa fimbo.

Olimpiki ya Nagano, Japani, 1998. Bjørn Dæhlie wa Norway ameshinda dhahabu ya kilomita 10. Waandaaji wanamhitaji kwa ajili ya sherehe. Yeye hasogei, anasubiri kwenye mstari wa mwisho. Bado kuna mtu njiani: Philip Boit wa Kenya, wa 92, wa mwisho, ambaye alikuwa ameijua theluji muda mfupi tu. Sherehe ikangoja, na Boit alipofika, bingwa akamkumbatia. Baadaye Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie.

Kwa hiyo, Mlingoti, ukikosa la kufanya, geuka uangalie nyuma nani bado anakuja.

*Swali dogo Mwalimu: ile medali yako ya viunzi iko wapi? – Mdadisi*

Kwa miaka mingi ilikuwa imebanwa kwenye dirisha la jikoni, maana lilikuwa likigongagonga upepo ukivuma. Mwaka juzi mjukuu aliiomba apeleke shuleni kuwaonyesha wenzake. Haijarudi. Dirisha limeanza tena kugonga, nami nimeshakata kipande cha kadibodi.